Mababu Wawili wa Jina Moja

Mama yangu huniita Baba. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na kwa kuwa mama hakuolewa, mimi nilipewa jina la baba yake yeye. Basi nina miaka hamsini na ushei, nina mvi, nina binti anayekaribia kumaliza sekondari, na asubuhi mwanamke wa karibu miaka themanini huniita kutoka chumba cha pili, "Baba, umeamka? Tutachelewa."

Tunakochelewa ni kliniki ya kusafisha damu. Tunaishi Richfield, kando ya Minneapolis huku Marekani, karibu na uwanja wa ndege, na kliniki iko mwendo mfupi kwa gari. Figo zake zilianza kukataa miaka michache baada ya mimi kumleta huku kutoka Kenya. Ninafanya kazi katika idara ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye hospitali moja ya Saint Paul, kwa hiyo najua kusoma karatasi za watu wa figo, na sikuhitaji daktari anieleze za mama zinasema nini. Naye hakuhitaji mimi nimweleze. Jioni moja, tukiwa tunamenya viazi, aliniambia anataka kuzikwa kwenye shamba la baba yake, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Alilisema kama mtu anayekukumbusha ununue maziwa.

Mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Asiyeolewa ana haki ya kurudi kwa baba yake. Hilo wazee wa ukoo wetu hawalibishii. Tatizo lilikuwa ni shamba la nani.

Niliandika ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, kwa heshima, nikieleza ombi la mama. Wanaoishi kwenye shamba hilo ni wajukuu wa ndugu wa babu yangu, na msemaji wao ni binamu yangu mmoja, mwalimu mstaafu. Alikaa kimya siku kadhaa. Kisha, mama akiwa kwenye kiti chake cha kliniki, mirija mkononi, simu yangu ikatikisika. Binamu alikuwa ametuma picha ya karatasi ya zamani, na chini yake maneno haya: "Ndugu yangu, kabla hujaagiza jeneza la kuja kulala hapa, soma kwanza."

Ilikuwa karatasi ya kiapo cha uaminifu, ya wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Mtu aliyetia dole gumba pale chini alikuwa ameapa kwamba amekiacha kiapo cha msituni, kwamba ni mtiifu kwa serikali, kwamba atasaidia kuwatafuta waliobaki msituni. Waliokula kiapo hicho walipewa cheti, na mwenye cheti aliweza kusafiri, kufanya biashara na, zaidi ya yote, kuwapo mashamba yalipopimwa upya. Vipande vilivyotawanyika huku na huku vilikusanywa na kila mtu akaandikishiwa shamba moja. Waliokuwa kizuizini hawakuwapo kupimiwa.

Jina kwenye karatasi lilikuwa langu. Yaani la babu. Fulani mwana wa fulani, yote mawili sawasawa.

Nilimwonyesha mama. Alivuta simu karibu, akaisogeza mbali, akanirudishia.

"Hilo ni dole tu," alisema.

"Na jina, Mama?"

"Jina lilikuwa la wawili."

Hapa lazima nieleze, maana hata binti yangu nilimchorea kwenye bahasha ndipo akaelewa. Babu wa mama yangu alikuwa na wake wawili. Desturi ya majina haimfuati mume, inafuata kila nyumba. Mke wa kwanza alipozaa mwana, alimpa jina la baba mkwe. Mke wa pili alipozaa mwana, naye akampa jina la baba mkwe, maana ndiyo haki yake. Wakawa ndugu wawili katika boma moja, jina moja, baba mmoja. Nyumbani hapakuwa na shida. Mmoja aliitwa kwa jina la mama yake, na mwingine kwa la mama yake. Lakini karani wa serikali hakuuliza jina la mama ya mtu. Aliuliza, wewe nani, mwana wa nani, akaandika. Binti yangu aliitazama bahasha, akauliza kwa Kiingereza kwa nini hawakuweka hata namba moja na mbili. Mama, anayekielewa Kiingereza kuliko anavyokubali, alicheka mpaka akakohoa.

Mmoja wa ndugu hao wawili aliapa utii, akawa homgadi, askari wa kijiji upande wa serikali, na shamba lote la baba yao likaandikishwa kwake. Mwingine alikuwa kizuizini, akarudi akakuta hana hata pa kupanda maharagwe. Hayo hakuna anayebisha. Tunachogombania ni yupi alikuwa yupi.

Mama alilelewa akijua kwamba baba yake ndiye aliyefungwa na kuporwa. Alirudi mgonjwa, akafa mapema, na bibi akawachukua watoto akarudi kwao. Binamu zangu walilelewa wakijua kwamba babu yao ndiye aliyefungwa na kuporwa, na kwamba babu yangu alikula shamba mpaka alipokufa, kisha mnyang'anywa akarudi kwenye kilicho chake. Hadithi zote mbili zinakubaliana kuhusu nani alikufa kwanza na nani alihama. Hatimiliki yenyewe ina jina tu, na jina halimkani yeyote. Shauri la urithi halijawahi kufunguliwa, maana kila aliyefikiria kulifungua aliogopa atakachoulizwa.

Kabla ya kuja Marekani nilikuwa mwandishi wa habari Nairobi, wa mahakama na mabaraza. Kazi ile ilinitoka mkononi lakini haikunitoka mwilini. Nilinunua faili, nikazigawa kwa rangi. Maktaba ya chuo kikuu hapa Minneapolis ilikubali kuniazimia, kutoka jimbo jingine, filamu za nyaraka za zamani za utawala wa Kenya. Zinakuja ndani ya visanduku vidogo na unazisomea kwenye mashine yenye taa, ukizungusha kwa mkono. Jumamosi nilizokuwa sina zamu nilikaa mbele ya mashine hiyo kwenye chumba cha chini. Kurasa zilipita: mbuzi walioibwa, daraja lililobebwa na mto, chifu anayelalamikiwa na wake zake. Nyingi zilikuwa barua za kuombea mashamba. Watu waliotoka kizuizini walimlipa mwandishi wa sokoni awaandikie kwa Kiingereza kilichojaa unyenyekevu, wakatia dole, wakatuma kwa bwana mkubwa wa wilaya. Majibu yalikuwa mafupi.

Nilimpata majira ya kupukutika majani. Jina langu, mwana wa yule yule. Aliandika kwamba alikamatwa akiwa shambani kwake na kipande chake, kile kitambulisho cha mkoloni, kikachukuliwa siku hiyo, ndiyo maana hana namba ya kuonyesha. Kwamba amerudi akakuta mipaka imeng'olewa na ng'ombe wa mtu mwingine wanalala kwenye kaburi la mama yake. Hamtaji huyo mtu mwingine. Hapo nilisimamisha mkono, nikajiuliza kama ni hofu au ni aibu, maana angelazimika kuandika jina lake mwenyewe.

Pembeni, kwa kalamu, afisa alikuwa ameandika jibu. Mwombaji tayari ana shamba lililoandikishwa kwa jina lake. Ombi limekataliwa.

Nilisoma mstari ule nikacheka, kisha nikaangalia kama kuna mtu amenisikia. Walikuwa wamekagua vizuri. Walifungua daftari la mashamba, wakatafuta jina, wakalikuta. Mtu alikwenda kushtaki kwamba amenyang'anywa, akaambiwa hapana, wewe ndiwe uliyenacho. Hospitalini kwetu hatumpi mgonjwa hata kidonge kabla hajataja jina na tarehe ya kuzaliwa, na wengi hukasirika. Tangu siku ile sijawahi kukasirika nao.

Niliporudi nyumbani nilimsomea mama, nikitafsiri. Nilipofika kwenye ng'ombe na kaburi aliinua mkono nisite kidogo.

"Ni yeye," alisema. "Ni baba."

"Unajuaje?"

"Mama alisema hivyo hivyo. Ng'ombe walilala kwenye kaburi la nyanya."

Ushahidi ule ulitosha kwangu. Jioni hiyo niliupanga uzuri: picha ya ombi, tafsiri yangu, maelezo ya filamu na ukurasa. Nikautuma kwenye kikundi. Nilijiona mwana mwema, na mwandishi mwema.

Jibu la binamu lilikuja kabla chai haijapoa. "Ndugu, Mungu akubariki sana. Tumeitafuta karatasi hii ya babu yetu miaka na miaka. Naona sasa unakubali."

Mdogo wake akaweka mikono ya kupiga makofi. Shangazi mmoja wa upande wao akaandika kwamba mama yake alikuwa akisimulia habari za ng'ombe waliolala kwenye kaburi, kwamba watoto wote waliijua. Nilizidi kusoma, simu ikitetema mkononi. Wake wote wawili wa babu wa mama walikuwa wamezikwa shamba lile lile. Kila upande una kaburi la nyanya.

Nilijaribu kila kitu ambacho mtu aliyeko huku anaweza kujaribu. Nilikuza picha za madole gumba mpaka yakawa vidoti vyeusi tu. Nililinganisha tarehe, lakini mtu aliweza kufungwa, akatoka, akaapa, au akaapa kwanza kisha akashukiwa na kufungwa. Kulikuwa na usiku, naukumbuka kwa aibu kidogo, nilipowaza kwamba huenda karatasi zote mbili ni za mtu mmoja, na yule mwingine hakufanya lolote, hakuapa wala hakuomba, aliishi tu. Nilimuuliza mama anakumbuka nini kwa macho yake mwenyewe. Alifikiri sana.

"Nakumbuka hakuwapo."

"Baba yako?"

"Wote wawili. Sisi tulihamishiwa kwenye kijiji cha serikali, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Wafungwa walikuwa mbali. Homgadi nao walilala ngomeni kwao, hawakulala vijijini. Mtoto anajua tu kwamba baba hayupo. Hajui yuko upande gani wa ua."

Wazee wa ukoo walikubali kukaa. Ilikuwa Jumamosi alasiri kwao, asubuhi kwetu, na nje gari la kusukuma theluji lilikuwa likipita na kurudi. Niliisimamisha simu kwenye chupa ya chai, mama akajifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani, binti yangu akakaa upande wa pili wa meza. Kwenye kioo tuliona viti vya plastiki, hema, na kofia nyingi. Mzee aliyeongoza alisogeza uso karibu mno, tukaona pua.

"Mama, unatusikia?"

"Nawasikia, wazee. Rudi nyuma kidogo, unatutisha."

Wakacheka. "Huko kwenu ni leo au bado ni jana?"

"Ni leo, lakini imeganda."

Mzee alisema kwamba wamesoma karatasi zote mbili, wamezisoma tena, na karatasi hazina mama, hazisemi nani ni wa nyumba ipi. Alisema ukoo haumkatai binti yake. Ikiwa baba yake ndiye aliyenyang'anywa, atapewa nafasi ya kulala karibu naye na hakuna atakayefungua mdomo. Ikiwa baba yake ndiye aliyenyang'anya, basi wanaoishi pale wasilazimishwe kuchimba kaburi lake. Na kwa kuwa waliojua wamekufa wote, imebaki njia ya zamani. Kila upande utoe mtu mmoja aape, ameshika udongo, kwamba babu wa nyumba yake ndiye aliyefungwa. Atakayeogopa, ameshindwa. Wote wakiapa, wazee watamgawia mama kipande cha kaburi, mengine wauachie udongo wenyewe umhukumu mwongo.

Nilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Alichotakiwa mama ni kuapa tu. Hata binamu akiapa, angepata kaburi.

Binamu alisimama kwanza. Alichota udongo kando ya kiti chake, akaushika juu, akaapa kwa sauti ya darasani kwamba babu yake ndiye aliyefungwa na kuporwa. Binamu amezaliwa baada ya uhuru. Akakaa, akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Sasa wewe, Mama. Chota udongo hapo nje."

"Nje kuna theluji mpaka magotini, mzee," nilisema.

Pakawa na minong'ono ya kujadiliana. Binti yangu aliinuka bila kuambiwa, akaleta kutoka dirishani chungu cha ua la zambarau alilomnunulia bibi yake, akakiweka mezani. Nikawaonyesha.

"Huo umetoka wapi?"

"Dukani."

"Udongo wa dukani!" Hema zima lilicheka. "Haya. Udongo ni udongo. Mungu ni mmoja."

Mama aliingiza vidole chunguni. Niliviona vikizama, vyembamba, ngozi imelegea juu ya mishipa ya mkono wake. Alichota kidogo, akafunga ngumi. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuhisi bega lake.

"Mama?" mzee aliita.

"Nipo."

"Sema basi. Baba yangu ndiye."

Mama alifungua mkono, akatazama kile kidogo alichoshika, chenye vile vichembe vyeupe wanavyochanganya viwandani. "Wazee," alisema, "nilikuwa mtoto mdogo. Niliambiwa na mama yangu. Sikuona. Siwezi kumwapia Mungu kitu nilichosikia."

"Hata huyu hakuona," mzee alisema, akimwonyesha binamu kwa kidole, "na ameapa."

"Huyo ni kijana, Mungu atamsubiri. Mimi niko karibu."

Watu walicheka, lakini si kama mwanzo. Nilimwinamia mama nikamwambia kwa sauti ya chini, sema tu, Mama, wote wanajua unavyoamini, kuamini kunatosha. Miaka yote ya kuandika kesi za mashamba, mhariri wangu alikuwa na swali moja tu: aliona au aliambiwa? Nilimchukia kwa swali hilo, kisha nikalifanya langu, nikawauliza wajane na maskwota, na wengine nikawakata nje ya habari kwa sababu waliambiwa tu. Sasa nilikuwa ninamwomba mama yangu asahau swali hilo. Alinipigapiga goti kwa mkono ule wenye udongo.

"Baba, acha," alisema.

Mzee alisubiri. Naamini alisubiri kwa nia njema, muda mrefu kuliko desturi inavyomruhusu, akiuliza tena na tena kama simu imekatika. Haikukatika. Mwishowe alisema kwamba aliyekataa udongo amekataa, hawawezi kumkokota, na hawatalirudia jambo hili. Kisha akamwombea mama afya, sala ndefu na nzuri, na sote tukasema amina.

Binamu alipiga simu baadaye, yeye mwenyewe, si kikundini. "Shangazi, hatuna ubaya na wewe. Ukija kututembelea utalala kwangu, utakula kwangu."

"Ahsante, mwanangu. Wape watoto salamu."

"Shangazi, mimi pia niliambiwa tu."

"Najua," mama alisema, akanirudishia simu.

Nimezihifadhi zile faili. Wakati mwingine mtu kanisani, mmoja wa Wakenya wengi walio wauguzi huku, akisikia habari hii huniambia nikate rufaa, niende mahakamani, nitafute wataalamu wa alama za vidole. Namshukuru. Mahakama ya ardhi kule huchukua miaka, na mama hana miaka. Alichokuwa nacho ni neno moja la kusema, na hakulisema, na sina pa kulishtaki hilo.

Wiki iliyofuata, tukirudi kutoka kliniki, alinitaka nipitie barabara ya makaburi, ile tunayoipita siku zote bila kugeuza kichwa. Nilipunguza mwendo. Mawe yalikuwa yamezama kwenye theluji, mengine yanaonekana migongo tu. Alishusha kioo, baridi ikaingia garini.

"Hawa wanachimbaje wakati kumeganda hivi?"

"Sijui, Mama."

"Wanangoja mpaka jua lije? Mtu anawekwa wapi?"

"Sijui."

"Wewe si ulikuwa mwandishi? Uliza."

Nilisimamisha gari kando, nikatafuta namba ya ofisi yao, nikapiga. Alipokea mwanamke mpole. Nikamuuliza, na mama akawa anafuata uso wangu. Wanaweka chombo kama sanduku la chuma juu ya mahali hapo, kina moto wa gesi ndani, nao unayeyusha ardhi. Nikamtafsiria. Alitaka kujua unachukua muda gani. Nikauliza. Usiku mzima, yule mwanamke alisema, na baridi ikizidi, zaidi.

"Na kuna mtu anayeuangalia huo moto?" mama aliuliza. "Au wanauacha peke yake?"

Nilikuwa bado kwenye simu. Nikauliza na hilo pia.